Kompyuta Isiyomtisha Mama: Linux kwa Anayeanza



Wiki tatu kabla ya siku ya kugawana, hesabu za kikundi chetu cha akiba zilipotea. Miezi tisa ya hisa, mikopo na faida, yote ilikuwa ndani ya kompyuta moja ndogo ya zamani ambayo mtoto wa mwanachama mwenzetu alituachia. Siku hiyo tulikuwa tumepeleka fleshi dukani ili watutolee orodha ya majina kwenye karatasi. Tuliporudi na kuichomeka tena kwenye mashini, folda zote ziligeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo. Ukibonyeza, hakuna kitu.

Mweka hazina wetu alikaa chini bila kusema neno. Vitabu vya wanachama vilikuwa na mihuri ya hisa, hivyo kila mama alijua alichoweka. Lakini marejesho ya mikopo tulikuwa tumeacha kuyaandika kwenye karatasi, kwa sababu tuliamini mashini. Kabla ya jua kutua minong'ono ilikuwa imeanza: nani alishika fleshi mwisho? Nani alikuwa bado na deni? Mnajua wenyewe, kikundi cha akiba kinaishi kwa kuaminiana. Kuaminiana kukiisha, hata sanduku lenye kufuli tatu halitusaidii kitu.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja aliyepita akitokea Uvira. Hakufungua mashini kwa bisibisi wala hakuomba pesa za vipuri. Alichomeka fleshi yake, akaiwasha mashini upya, na kwenye kioo ukatokea ukurasa ambao hatukuwahi kuuona. Akafungua folda. Hesabu zetu zote zilikuwepo, hata ule mkopo wa mama wa mihogo uliokuwa umeanza kuleta maneno.

Akatueleza kwamba virusi vile vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Havikufuta faili zetu, vilizificha tu na kuweka vialama vya uongo mahali pake. Mfumo aliokuja nao hautii amri ile ya kuficha, kwa hiyo ulionyesha kila kitu kama kilivyo. Alinakili hesabu zetu kwenye fleshi safi, akampa mweka hazina mkononi. Hapo ndipo tuliuliza: "Mwanangu, hiyo inaitwaje?" Akajibu: "Linux, mama."

Linux ni kitu gani?

Kompyuta ni kama nyumba. Ndani yake lazima awepo mmoja anayepanga kazi: nani atumie jiko, nani ateke maji, mgeni akae wapi. Kwenye kompyuta mpangaji huyo ni programu moja kubwa inayoitwa mfumo endeshi. Windows ni mfumo endeshi. Linux nayo ndiyo kiini ambacho juu yake mifumo mingi imejengwa, kama vile Ubuntu na Linux Mint.

Pengine unasema hujawahi kuigusa. Shika simu yako. Kama ni simu ya kugusa ya Android, basi ndani yake kuna kiini cha Linux. Unaitumia kila siku kumpigia mume aliye Bukavu, kutuma pesa na kusikiliza kwaya. Kwa hiyo usiseme Linux ni ya wasomi wa mjini. Umeishi nayo mfukoni bila kujua jina lake.

Mambo mawili ya mwaka 1991

Kuna jambo linalopaswa kutufurahisha sisi wa vikundi vya AVEC. Njia hii ya kuweka akiba kwa hisa ilianza mwaka 1991 nchini Niger, katika eneo la Maradi, pale shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini. Kwa Kihausa waliita Mata Masu Dubara, maana yake wanawake wenye maarifa. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Je, waliambiwa kwanza wasome ndipo waweke akiba? Hapana. Mpango ndio uliobadilishwa uwafuate wao: kila mama alitoa kiasi kilekile, na hesabu ilitunzwa kichwani mbele ya wote. Baadaye ndipo vikaja vitabu na mihuri, ili hata asiyesoma aweze kuhesabu hisa zake kwa kidole.

Mwaka huohuo wa 1991, huko Finland, mwanafunzi wa miaka 21 aitwaye Linus Torvalds alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi wake mwenyewe. Muda si mrefu aliutoa chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuutumia, kuunakili, kuuchunguza na kuubadilisha. Watu wa nchi nyingi wakaongeza mikono yao, kama sisi tunavyolima shamba la kikundi.

AVEC ilifika Sange bila mama wa Maradi kutudai malipo ya kuiga. Linux nayo hutembea hivyo. Lakini kuna tofauti moja. Njia ya akiba ilirahisishwa kwa ajili ya mama asiyesoma tangu siku ya kwanza. Linux ilianza ngumu sana. Ilikuwa kioo cheusi na maandishi meupe, na kila kazi ilihitaji ukumbuke amri na kuiandika bila kukosea herufi. Walioipenda walikuwa wale ambao tayari wanajua.

Waliofungua mlango

Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo. Mwaka 1996 ulianza mradi wa KDE, na mwaka 1997 wa GNOME. Yote miwili ilileta picha, menyu na vialama vya kubonyeza, ili mtu asilazimike kuandika amri. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo ulioweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye CD bila kugusa kitu ndani ya kompyuta. Mgeni aliweza kujaribu, akitosheka akatoa CD, na mashini ikabaki kama ilivyokuwa. Fleshi iliyotuokoa ilifanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Knopper hakuishia hapo. Mke wake, Adriane, ana shida ya macho. Kwa ajili yake ulitengenezwa mfumo mdogo unaosema kwa sauti: unasoma orodha fupi ya kazi, moja baada ya nyingine, na mtu anachagua kwa vitufe vichache. Uliitwa ADRIANE, jina la mama huyo, ukawekwa ndani ya Knoppix ili na wengine wasioona wautumie. Angalia vizuri mambo yalivyoanza. Hawakuanza kwa kuuliza kompyuta inaweza nini. Walianza na mama mmoja, kazi anazotaka kufanya, na kinachomzuia.

Kisha, mwezi wa Oktoba 2004, ikatoka Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Lengo lake lilikuwa Linux ya watu wa kawaida. Kwa miaka kadhaa walituma CD bure kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Jina lenyewe sisi wa bonde la Ruzizi hatuhitaji kutafsiriwa. Ndugu zetu wanaosema Kirundi wanalo neno hilohilo, ubuntu, yaani utu na ukarimu. Na wakisema "ku buntu" wanamaanisha bure. Jina limebeba maana zote mbili.

Kiswahili nacho kilisimama

Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Uswidi walikuwa na mradi ulioitwa Kilinux. Kazi yao ilikuwa kuzifanya programu huria ziseme Kiswahili. Desemba 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na kupiga hesabu ambayo menyu zake zilikuwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kuiomba kampuni yoyote kibali cha kutafsiri, maana leseni tayari ilikuwa imewaruhusu.

Programu hiyo ya OpenOffice ilizaa nyingine inayoitwa LibreOffice, ambayo leo unaikuta ndani ya Linux Mint. Lakini tusidanganyane: tafsiri ya Kiswahili bado haijakamilika kila mahali. Utaona menyu moja kwa Kiswahili na nyingine kwa Kiingereza, jambo linalomchanganya mwanafunzi. Kifaransa kimekamilika zaidi. Kwetu Sange, ambako waliopita shule wamesoma kwa Kifaransa, tumeonelea mashini iwekwe Kifaransa na mwalimu aeleze kwa Kiswahili. Na mabinti wetu wanaojua lugha zote mbili wana kazi inayowangoja, kwa sababu tafsiri hizi hufanywa na watu wanaojitolea.

Somo letu la kwanza lilivyoharibika

Baada ya hesabu kupatikana, tulimwomba kijana yule atufundishe. Alikuwa na moyo mzuri, lakini siku ya kwanza alifungua kile kioo cheusi na kuanza kuandika amri kwa haraka. Alituambia historia ya Linux, aina zake zote na kwa nini hii ni bora kuliko ile. Kila mama aliposhika kipanya na kusitasita, yeye alikichukua na kumalizia kazi. Tulikuwa mama kumi na wawili. Juma lililofuata walirudi wanne.

Mama mmoja mshonaji ndiye aliyesema ukweli. "Mimi nikimfundisha msichana cherehani, simwambii historia ya cherehani. Namkalisha, namwekea kitambaa kibovu, namwambia ashone mstari mmoja. Ukipinda, afumue. Na mikono yangu inakaa mgongoni."

Tukabadilisha. Yeye mwenyewe, aliyekuwa amejifunza juma moja tu kabla yetu, ndiye alikaa kando ya mwanafunzi. Kijana alikaa nyuma, ajibu anapoulizwa. Kila siku kazi moja tu, na kazi yenyewe iwe ya kweli: kuandika majina ya wanachama, kujumlisha hisa za juma, kuandika barua ya kuomba uwanja wa mkutano. Wale wanane walirudi wote, mmoja akaja na dada yake.

Tulichojifunza ni hiki: aliyejifunza jana anakumbuka bado kilichomtisha. Mtaalamu wa miaka kumi amekwisha kusahau.

Masomo matano ya kuanzia

Somo la kwanza: kuwasha, kuzima, na kushika kipanya. Mwache mama acheze mchezo wa karata kwenye mashini kwa nusu saa. Si kupoteza wakati, ni mkono unaozoea.

Somo la pili: kuandika. Aandike jina lake, majina ya watoto wake, na tarehe ya leo. Akosee na afute mwenyewe.

Somo la tatu: kuhifadhi na kutafuta tena. Hapa ndipo wengi hulia. Fundisha folda moja tu, yenye jina la kikundi, na kila faili liwe na jina linaloeleweka: "Hisa Machi", si "Document 1".

Somo la nne: jedwali la hesabu la LibreOffice. Majina upande wa kushoto, majuma upande wa juu, jumla chini. Mama akiona jumla imejibadilisha yenyewe baada ya kusahihisha namba, utamsikia akicheka.

Somo la tano: kunakili kwenye fleshi, na kuitoa kwa utaratibu kabla ya kuichomoa.

Kioo cheusi cha amri kiacheni. Mwenye kukihitaji atakuja kukitafuta.

Jinsi ya kujaribu bila kuharibu

Kwanza, nakilini faili zenu zote mahali pengine. Fanyeni hivi kabla ya jambo lolote.

Pili, tafuteni fleshi ya GB 8 ambayo haina kitu mnachokihitaji, maana itafutwa. Linux Mint ina ukubwa wa karibu GB 3, na kuipakua kwa vifurushi vya simu ni gharama. Ni afadhali mtu anayekwenda Uvira au Bukavu aipakue mara moja penye mtandao mzuri, kisha vikundi vyote vinakili kwake. Kunakili huku si wizi, kumeruhusiwa. Lakini faili haliwekwi kwenye fleshi kama wimbo. Kuna programu ndogo, kama Rufus, inayoitayarisha fleshi ili iweze kuwasha mashini.

Tatu, chomekeni fleshi, washeni mashini na mbonyeze kitufe cha kuchagua itakakowakia. Mara nyingi ni F12, F9 au Esc, kutegemea aina ya kompyuta. Kwenye Ubuntu chagueni "Essayer", yaani kujaribu. Tembeeni humo siku kadhaa. Itakuwa polepole kidogo kwa sababu inafanya kazi kutoka kwenye fleshi.

Nne, mkiridhika ndipo muiingize ndani ya mashini. Hapo mpate mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo. Mkiona maneno "Effacer le disque", simameni. Maana yake kila kitu kilichomo kitafutwa, picha, barua na hesabu, na hakirudi.

Kwa mashini ya zamani, Linux Mint yenye sura ya Xfce ni nyepesi. Inahitaji angalau GB 2 za RAM, ingawa 4 ni bora. Jambo hili linagusa wengi sasa, kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Kabla ya kuitupa mashini au kuiuza kwa bei ya chuma chakavu, ijaribuni kwa Linux.

Ugumu uliopo

Hatutaki mama aanze kwa furaha kisha akate tamaa. Programu zilizotengenezwa kwa Windows peke yake, kwa kawaida haziwaki kwenye Linux. Kama kazi yako inadai programu fulani ya uhasibu, ulizia kwanza. Baadhi ya mashini za kuchapisha husumbua. Mafundi wengi wa mitaani wanaijua Windows tu, na mmoja anaweza kukuambia kompyuta yako "imeharibika" kwa sababu haifahamu. Na usiamini kwamba Linux haiwezi kamwe kudhurika. Virusi vingi vya fleshi haviiwezi, ni kweli, lakini nenosiri lililoandikwa ukutani linamfungulia mwizi yeyote.

Tena, hakuna mfumo unaoshinda moto, mvua au kukimbia. Sisi wa bonde hili tumejua kufunga mzigo usiku mmoja na kuondoka. Kwa hiyo kikundi chetu sasa kina utaratibu: hesabu ziko mahali patatu. Moja kwenye mashini, moja kwenye fleshi anayoitunza mama asiyekaa nyumba moja na mashini, na moja kwenye daftari la karatasi, linalosomwa kwa sauti kila mkutano. Mnaukumbuka mpango wa kufuli tatu na funguo kwa watu watatu? Ni uleule.

Nani aanze?

Siku ya kugawana ilifika. Kila mama alipata fungu lake, na hesabu za mashini zilipatana na mihuri ya vitabu. Mama wa mihogo alisomewa marejesho yake moja moja mbele ya wote, na walionong'ona waliinua mikono kumwomba radhi. Hilo peke yake lilitosha kulipa juhudi za masomo.

Leo mweka hazina wetu anafungua jedwali mwenyewe. Binti yake wa darasa la sita la sekondari, ambaye alikuwa akisoma kompyuta kwa kuchora kibodi kwenye daftari, sasa anakuja Jumamosi kugusa kibodi ya kweli. Mashini ni ileile ya zamani, na paneli ya jua ni ileile.

Kama kikundi chenu kina kompyuta iliyolala kabatini, itoeni vumbi na mje nayo kwenye mkutano ujao pamoja na fleshi tupu. Mama mshonaji atakuwepo, na atakaa kando yako. Mikono yake itakuwa mgongoni.